Nunua Miaka Iliyobaki: Kompyuta ya Mtumba na Mnunuzi wa Fumba

Rasi ya Fumba, kiasi cha kilomita 18 kutoka Mji Mkongwe, kwa miaka mingi iliishi kwa uvuvi, kilimo na mwani. Leo imebebeshwa matumaini mengine. Mwaka 2022 Zanzibar ilitangaza mpango wa Silicon Zanzibar, unaolenga kuvutia kampuni za teknolojia, na Fumba ikatajwa kuwa ndiyo makao yake. Novemba 2023, hapo jirani Bweleo, Rais Hussein Mwinyi alizindua kampasi ya IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, ya kwanza kwa taasisi za IIT kufunguliwa nje ya India, na masomo iliyoanza nayo ni sayansi ya data na akili mnemba. Kijana wa Fumba, wa Nyamanzi, wa Dimani au wa Kombeni anazisikia habari hizi kila siku. Lakini huwezi kujifunza sayansi ya data kwa kusikia habari zake. Kwanza upate kompyuta, na bei ya kompyuta mpya yenye nguvu ya kutosha inawashinda wazazi wengi. Hivyo safari inaishia madukani, Darajani au Mlandege, mbele ya rafu ya kompyuta mpakato zilizotumika, nyingi zimepitia Dubai, zote zimepigwa kitambaa zikang'aa. Swali la leo ni hilo moja: mwenye fedha kidogo achague ipi, ili programu za leo ziende vizuri na za mwaka kesho zisimkatae?

Nianze na jibu, kisha nilitetee. Kompyuta kuukuu isipimwe kwa mwaka iliotengenezwa wala kwa mng'aro wa gamba lake. Ipimwe kwa miaka ya masasisho iliyobaki nayo, halafu ipimwe kwa vipuri ambavyo fundi wetu anaweza kuvibadilisha. Anayenunua chombo cha baharini kilichotumika hadanganywi na rangi mpya, huinama akautazama mkuku na maungio. Kwenye kompyuta mkuku ni prosesa na mfumo endeshi unaoikubali, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoamua kama mashine itaendelea kuhudumiwa au imeshaachwa na wenyewe.

Tazama kilichotokea tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015 na ambao umejaa katika ofisi, skuli na maduka yetu. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Zinawaka, zinaandika barua, zinapiga muziki. Kilichokatika ni masasisho ya usalama, yaani viraka vinavyoziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni huyagundua kila mwezi. Ipo nyongeza ya muda kwa watumiaji wa kawaida wanaojiandikisha, lakini nayo inaishia Oktoba 2026. Baada ya hapo, anayeingia benki au kutuma nyaraka za biashara kwa mashine hiyo anafanya hivyo huku mlango uko wazi. Na mfumo ukishaachwa, programu nazo huufuata taratibu. Mwaka 2023 kivinjari cha Chrome kiliacha kutoa matoleo mapya kwa Windows 7 na 8.1, toleo la 109 likawa la mwisho. Mwenye kompyuta za namna hiyo alianza kuona tovuti moja haifunguki, kesho yake nyingine, ingawa mashine yake haikuharibika hata msumari. Hivyo ndivyo kompyuta inavyozeeka siku hizi: inaachwa kabla haijafa.

Mabadiliko haya yamegawa soko la mtumba mafungu mawili. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai RAM ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft. Kwa Intel, orodha hiyo inaanza kizazi cha nane, kilichoingia sokoni mwaka 2017, isipokuwa prosesa chache tu za kabla yake zilizoruhusiwa. Kwa AMD inaanza takriban na Ryzen za mfululizo wa 2000. Kampuni kubwa za Ulaya, Marekani na Ghuba hubadilisha kompyuta za wafanyakazi kila baada ya miaka michache, na zile zisizokubali Windows 11 zina kila sababu ya kuuzwa haraka. Kwa hiyo zipo mashine mbili zinazofanana kama pacha, moja ya mwaka 2017 na nyingine ya mwaka 2018, zimepangwa pamoja rafuni, na moja tu ndiyo inayokubaliwa rasmi na mfumo wa leo. Muuzaji anaweza akaziita zote mbili "Core i5, safi kabisa", na maneno yake yakawa kweli bila ya kukusaidia kitu.

Hapa ndipo mnunuzi anapohitaji kujua kusoma namba. Jina la prosesa huandikwa kama hivi: i5-8350U, au i5-6300U, au i7-10610U. Tazama tarakimu zinazofuata kistari. Nane ya mwanzo katika 8350 ni kizazi cha nane, sita katika 6300 ni cha sita, na kumi katika 10610 ni cha kumi. Tarakimu hiyo ina uzito kuliko herufi i5 au i7 inayotangazwa kwa sauti kubwa. Nitoe mfano unaoweza kuhakikiwa. Prosesa ya i7-7600U, ya kizazi cha saba, ina viini viwili. Ile ya i5-8250U, ya kizazi cha nane, ina viini vinne, kwa sababu hapo ndipo Intel ilipoongeza viini maradufu katika prosesa zake za kawaida za kompyuta nyembamba. Kwa hiyo mtu anaweza kulipa zaidi kwa ajili ya jina la i7, akaondoka na mashine dhaifu zaidi, na juu ya hayo iliyokataliwa na Windows 11. Aliye na fedha za kununua mashine ya Windows 11, basi mpaka wake ni huo: kizazi cha nane kwenda mbele, RAM gigabaiti 8 kwa uchache, diski ya SSD. Gigabaiti 4 ni za kuwashia tu. Fungua kivinjari chenye kurasa kadhaa pamoja na darasa la video, utaona mashine inaanza kusuasua.

Je, wale wenye fedha ya kizazi cha sita au cha nne tu wafukuzwe sokoni? Hapana. Wao njia yao ni Linux, mfumo endeshi huria, na ni njia ya heshima. Linux Mint ya toleo la 22, iliyojengwa juu ya Ubuntu 24.04, inapata masasisho hadi mwaka 2029, haina ada, na inahitaji gigabaiti 2 tu za RAM ili iwake, ingawa 4 ndizo zinazopendekezwa na 8 ndizo zenye raha. Kompyuta ya mwaka 2014 iliyowekewa diski ya SSD inaweza kuendesha kivinjari cha leo, LibreOffice ya leo, na lugha za Python na R anazozihitaji mwanafunzi wa sayansi ya data. Mahesabu mazito ya somo hilo mara nyingi hayafanyiki mezani kwa mwanafunzi. Hupelekwa kwenye kompyuta za mbali kwa huduma kama Google Colab, inayotumika ndani ya kivinjari. Hata hivyo, Linux nayo ina mpaka wake. Debian 13, Linux ya aina nyingine iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine za biti 32. Mashine ya biti 32 ukipewa bure, fikiri mara mbili.

Najua kipingamizi kinachokuja mara tu jina la Linux linapotajwa: ni ngumu, ni ya mafundi, na ofisi hazitaki faili zake. Sehemu ya kipingamizi hiki imepitwa na wakati. Waswahili hatukuanza jana na programu huria. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na wenzao wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Aliyezoea Windows hupata menyu ya Mint mahali palepale alipoizoea, chini kushoto. Sehemu nyingine ya kipingamizi ni ya kweli na haifai kupuuzwa. Mchora ramani anayetegemea AutoCAD, au mhasibu ambaye ofisi yake inatumia programu ya kusakinishwa ya Windows pekee, huyo Linux haitamfaa kwa kazi hiyo, na kumlazimisha ni kumpotezea wakati. Kwa hiyo mpangilio wa kununua uwe huu: kwanza taja kazi, kazi itakuonesha programu, programu itakuonesha mfumo, na mfumo ndio utakaokuonesha mashine. Wengi huanza mwisho, wakapenda mashine kwanza, kisha wakatafuta namna ya kuibebesha kazi.

Wapo watakaosema kuna njia ya mkato: fundi anaweza kuisakinisha Windows 11 katika mashine isiyokubaliwa, kwa kuruka ukaguzi. Ni kweli inawezekana, na kwa baadhi ya mashine inakwenda muda mrefu bila tatizo. Lakini Microsoft yenyewe inasema mashine za namna hiyo hazina hakikisho la kupata masasisho, na toleo la kila mwaka huenda likahitaji fundi arudie kazi ileile kwa mkono. Toleo la 24H2 la Windows 11 limeshaonesha hatari yake, kwa kuwa lilikataa kabisa kuwaka katika prosesa kongwe zisizo na amri fulani za ndani, na hapo hakuna ujanja wa fundi. Mnunuzi akiuziwa mashine ya hivyo aelezwe wazi, na bei ishuke. Kuificha hali hiyo ni kumuuzia mtu miaka ambayo haimo katika mashine. Wala hakuna haja ya kutumia leseni ya wizi. Kompyuta nyingi za ofisini zilitoka kiwandani na leseni halali ya Windows iliyofungwa kwenye ubao wake, na yenye Windows 10 halali inayotimiza masharti hupandishwa kwenda 11 bila malipo. Nakala iliyovunjwa kufuli huja na wageni ambao hukuwaalika.

Kipingamizi cha tatu kina nguvu zaidi: kwa nini kijana ahangaike na mtumba, wakati zipo kompyuta mpya za bei ya chini zenye warantii? Tufungue boksi la hizo mpya za bei ya chini. Mara nyingi ndani mna prosesa ya aina ya Celeron N4020, yenye viini viwili, RAM ya gigabaiti 4 iliyochomelewa kwenye ubao, na hifadhi ya eMMC ya gigabaiti 64 ambayo nayo imechomelewa. Gigabaiti 64 ndicho kiwango cha chini kabisa kinachokubaliwa na Windows 11, kwa hiyo mashine inaanza maisha yake ikiwa ukutani. Mfumo na masasisho yake vikishakaa, nafasi ya kazi za mwenyewe huwa finyu, na hakuna fundi wa Unguja atakayeipanua kwa gharama ya maana. Sasa weka pembeni yake mashine za ofisini za mwaka 2018 zenye kizazi cha nane: Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5, Dell Latitude 7490. Zote tatu zina nafasi mbili za RAM zinazofunguliwa kwa bisibisi, diski inayobadilishika na betri inayopatikana. Ukianza na gigabaiti 8 leo, unaweza kufika 16 mwakani. Hiyo ni mashine inayokua pamoja na mwenyewe. Mpya ina warantii, nakubali, na kwa anayehitaji utulivu wa moyo na hana fundi wa kumwamini, warantii ni kitu. Ila warantii hukulinda mashine ikiharibika, haiifanyi ndogo iwe kubwa. Tahadhari moja: si kila ya ofisini ni hivi. ThinkPad X1 Carbon na baadhi ya nyembamba nyingine RAM zake zimechomelewa, kwa hiyo hapo nunua kiasi utakachokihitaji hadi mwisho.

Sasa tusogee kwenye kaunta ya duka, maana hoja isiyofika kaunta haimsaidii mtu. Usiikubali mashine kabla ya kuiwasha mwenyewe. Ikiwaka katika Windows, andika tpm.msc kwenye nafasi ya kutafutia, ikuambie kama chipu ya usalama ipo na ni toleo la 2.0. Fungua taarifa za mfumo, usome namba ya prosesa kwa macho yako na RAM iliyomo. Kisha fungua dirisha la amri, uandike powercfg, nafasi, mkwaju wa mbele, batteryreport. Mashine itakutengenezea ukurasa wenye tarakimu mbili muhimu: betri ilishika kiasi gani ilipotoka kiwandani, na inashika kiasi gani leo. Ikiwa ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 25,000, basi nusu ya betri imekwenda na bei ya betri nyingine iingie katika mapatano. Chomeka flashi yenye Linux Mint uiwashe kutoka humo bila kugusa diski, ujaribu Wi-Fi, sauti, kamera na kila kitufe cha kibodi. Mwisho, izime uiwashe tena uingie katika mipangilio ya awali ya BIOS. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, iache. Katika ThinkPad nenosiri la msimamizi haliondoki hata ukitoa betri. Vilevile, mashine ambayo baada ya kufomatiwa inadai barua pepe ya kampuni fulani ya ng'ambo bado imefungwa kwa mwenyewe wa zamani, na siku yoyote inaweza kukukatalia.

Betri nimeitaja kwa sababu maalumu ya hapa kwetu. Umeme wa gridi unaotumika Unguja unavuka bahari kutoka Ras Kiromoni upande wa Bara na kutua Ras Fumba. Waya wa kwanza ulilazwa mwaka 1980, na mwingine wa megawati 100 ukakamilika mwaka 2013. Kati ya hapo, tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kizima kilikaa gizani kwa takriban miezi mitatu. Mambo yamekuwa bora tangu waya mpya ufike, lakini kukatika kwa saa moja au mbili hakujaisha, na kompyuta ya mezani ya bei nafuu, hata ikiwa na nguvu, hupoteza kazi ya mtu papo hapo. Hiyo ndiyo faida ya mpakato yenye betri nzima. T480 ina betri mbili, moja ndani na moja ya nyuma inayochomolewa kwa vidole, jambo lililokuwa la kawaida zamani na ambalo sasa ni adimu. Pia Fumba iko ufukweni. Chumvi na unyevu huingia kwenye matundu ya chaja na USB, kwa hiyo chunguza matundu hayo kwa tochi ya simu. Ukiona kutu ya kijani au nyeupe, jua mashine imeshaonja bahari ya mahali fulani.

Lipo pingamizi la mwisho, nalo ni la dhamira: je, si sisi tunaogeuzwa jaa la wenye nacho? Hofu hii si ya bure. Uganda iliwahi kuzuia uingizaji wa kompyuta, majokofu na televisheni zilizotumika, kuanzia mwaka 2010, kwa sababu ya hofu hiyo hiyo. Tangu tarehe 1 Januari 2025, marekebisho ya Mkataba wa Basel yanataka taka za kielektroniki za aina zote zisivuke mpaka bila ridhaa ya nchi inayozipokea. Kisiwa kidogo kina haki ya kuogopa zaidi, kwa kuwa takataka yake haina pa kwenda. Lakini kipimo nilichokitaja ndicho kinachotenganisha kompyuta na taka. Mashine yenye miaka minne au mitano ya masasisho mbele yake, na vipuri vinavyobadilika, ni chombo cha kazi. Ile isiyokubaliwa na mfumo wowote unaohudumiwa, yenye RAM iliyochomelewa na betri iliyovimba, ni taka tangu iliposhuka bandarini, hata kama inawaka. Kuzuia zote ni kumnyima mtoto wa Dimani kalamu yake. Kuruhusu zote ni kuzika sumu katika ardhi yake.

Ndiyo maana nina ombi kwa pande tatu. Wenye maduka, bandikeni kwenye kila mashine karatasi ndogo yenye mambo manne: namba kamili ya prosesa, RAM na kama inaongezeka, hali ya betri, na mfumo unaoikubali. Mfanyabiashara mwaminifu hatapoteza chochote kwa karatasi hiyo. Skuli, vyuo na vikundi vya ushirika vinavyonunua au kupokea msaada wa kompyuta, ulizeni kwanza masasisho yanaishia lini, kabla ya kuuliza ni ngapi. Kompyuta ishirini zilizoachwa hazilingani na kumi zinazohudumiwa. Na wewe mzazi na kijana, kabla fedha haijatoka mfukoni, uliza maswali mawili tu: mfumo wa mashine hii utahudumiwa hadi mwaka gani, na kikiharibika kitu fundi ataweza kukibadilisha? Asiyekupa jibu la yote mawili, mrudishie mashine yake, umshukuru, uende duka la pili.